Vita vya Maji Maji na Swali Lililotufikia Mwimbi

Ijumaa ya leo tunaziweka kando hukumu za ibada tulizozoea kuzizungumza katika ukurasa huu. Limetufikia swali ambalo hatukuweza kulijibu papo kwa papo, na tulipokwisha kulijibu tuliona kuwa jibu lake lina haki ya kuwafikia wengi.

Swali lenyewe lilitoka Mwimbi, huku kwetu Ufipa, katika Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa. Familia moja ilikuwa ikijiandaa kusoma hitma ya wazee wao. Bibi mwenye nyumba, ambaye umri wake unakaribia miaka themanini, aliandika kama desturi majina ya marehemu wa kusomewa, na jina la kwanza lilikuwa la babu yake mzaa baba. Mzee huyo alikuwa Mmanyema wa ng'ambo ya ziwa, akaingia katika jeshi la Wajerumani akiwa kijana, akapigana kusini katika Vita vya Maji Maji, kisha akaletwa kwenye boma la Kasanga. Wajerumani walipoondoka yeye alibaki, akapanda mlima, akaoa na kulima Mwimbi. Katika ukoo ule na kwa majirani kadhaa, yeye ndiye aliyewafundisha watoto alifu na bee, na juzuu yake ya Amma, iliyokwisha kuwa rangi ya chai, imehifadhiwa mpaka leo ndani ya kitambaa.

Basi kijana mmoja wa familia hiyo, kilembwe wa mzee yule, anasoma Songea. Huko alipelekwa na walimu wake katika Makumbusho ya Maji Maji, akaliona kaburi la halaiki la waliyonyongwa, akayasoma majina yao. Aliporudi likizo akasema mbele ya watu wazima kwamba jina la babu mkuu lisisomwe, kwa kuwa hafai kuombewa mtu aliyechoma ghala za maskini kwa mshahara wa kafiri. Bibi akalia. Akasema marehemu hasemwi, na kwamba mzee yule alikufa akiwa mwenye kuswali. Nyumba ikagawanyika, na sisi tukaitwa.

(Wako wasomaji watakaotuuliza kwanza juu ya hitma yenyewe, kama ina asili au haina. Wanazuoni wamehitilafiana, na mjadala huo hatuufungui leo. Aliyezoea kuisoma na asiyeisoma wote wawili wanakubaliana kuwa Muislamu humwombea dua ndugu yake aliyemtangulia, na swali la kijana linaigusa dua hiyo.)

Kwanza tulimwomba kijana atusimulie alichokiona, na tulimsikiliza mpaka mwisho. Kisha tukamwuliza kama amewahi kupanda meli ya Liemba. Akasema hakuwahi, ila wazee wake wote wameipanda pale Kasanga, kwenda Kigoma au kuvuka kwenda Mpulungu. Watu wa Matai, Mwimbi na Mwazye wamesafiri kwa meli hiyo vizazi na vizazi pamoja na magunia yao ya mahindi na samaki wao wakavu. Wachache ndio waliojua kuwa jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Huyo Götzen ambaye meli ilipewa jina lake ni nani? Ni Gustav Adolf von Götzen, gavana wa makoloni haya ya Wajerumani tangu mwaka 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilianza akiwa madarakani, na ni kwa amri zake vilizimwa kwa namna tutakayoieleza. Wafipa hawakupigana vita vile, havikufika kwetu. Hata hivyo tulipanda meli ya mtu yule, na boma la Kasanga, ambalo Wajerumani waliliita Bismarckburg, lililindwa na askari wa jeshi lake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba historia ya kusini haituhusu watu wa Rukwa.

PAMBA NA KODI

Turudi nyuma kidogo. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha aliilipa kwa jasho lake. Mwaka 1902 Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya vijiji katika maeneo ya kusini na pwani. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walitakiwa kulilima kwa zamu, siku ishirini na nane kwa mwaka, huku mashamba yao ya chakula yakingoja. Malipo yalipotoka mtu alihesabiwa senti 35 kwa kazi ya msimu mzima. Wengi waliona ni afadhali kuzikataa kuliko kuzipokea, maana kuzipokea ilikuwa ni kukubali kuwa wamelipwa. Waliosimamia kazi hizo walikuwa maakida, wakishika kiboko, na aliyechelewa shambani alichapwa.

Hapa kalamu yetu inakuwa nzito, lakini tumeamrishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimame na uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Maakida wengi walikuwa Waislamu, watu wa pwani, wenye kanzu na kofia, wanaojua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Wajerumani waliwachukua kwa ajili ya elimu yao hiyo. Tumezoea kuandika katika kurasa kama huu kwamba Waislamu walikuwa mstari wa mbele kumpinga mkoloni. Ni kweli, na tutawataja. Lakini mkulima wa Umatumbi aliyechapwa viboko shambani mara nyingi alichapwa na mtu aliyejibu salamu ya Kiislamu, na vita vilipoanza nyumba za maakida zilikuwa miongoni mwa za kwanza kushambuliwa. Anayetaka kuisimulia historia ya vita hivi na akaificha sura hiyo, amesoma nusu ya barua.

Katika mwaka 1904, huko Ngarambe karibu na Mto Rufiji, alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Alisema amejiwa na pepo aitwaye Hongo, akawa anawapa watu dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, na kuwaambia kuwa anayeitumia risasi za Mjerumani zitamgeukia maji. Watu walimiminika Ngarambe kwa makundi. Wakaambiwa wangoje amri. Lakini ilipofika mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete hawakuweza kungoja tena, wakaingia katika shamba la pamba na kuing'oa, na kwa kitendo hicho vita vikawa vimetangazwa. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa mapema na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati moto wenyewe ndio kwanza unashika. Wajumbe wake, nao wakiitwa mahongo, waliyachukua maji yale kwenda kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera na hatimaye Wangoni.

Tafakarini, ndugu wasomaji, makabila yaliyokuwa yakivamiana na kutekana miaka michache tu nyuma yalivyokubali kunywa maji ya chungu kimoja. Wangoni walikuwa tishio la Wangindo, na bado mpelekaji wa maji Ungoni, kwa Chabruma, alikuwa Mngindo aitwaye Omari Kinjala. Jina hilo linatuonesha kuwa Uislamu ulikwisha kuingia bara ya Kilwa na Lindi. Miongoni mwa viongozi wa Wangindo alikuwepo Abdalla Mapanda, ambaye aliendelea kupigana msituni mpaka mwanzoni mwa mwaka 1907, alipouawa. Wengine walikuwa na majina ya Kiislamu na wengine hawakuwa nayo, na jina peke yake si hoja ya kumjua mtu dini yake, kwani Wajerumani nao walikuwa na akina Abdalla wao.

JE, MAJI YALE YALIKUWA SHIRKI?

Kijana wetu aliuliza hili pia, na ameuliza la maana. Imani kwamba maji ya mganga yanazuia risasi haiafikiani na tauhidi. Imepokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikataa kuipokea bai'a ya mtu aliyevaa hirizi mpaka alipoikata, na akaeleza kuwa kuivaa ni kushirikisha. Na Mtume huyo huyo, aliye mbora wa wenye kutawakali, siku ya Uhud alivaa deraya mbili moja juu ya nyingine, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Kwa hiyo kumtegemea Allah kunakwenda pamoja na kuvaa chuma, na chuma ndicho walichokosa watu wa kusini.

Gharama ya imani ile ilionekana wazi Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliliendea boma lile mchana kweupe, wakitembea kwa safu na kuliita jina la maji, mbele ya bunduki za rashasha. Mamia walianguka siku moja. Wapo waliofika karibu kabisa na ukuta. Walioishi walirudi mara baada ya mara, na baadaye walipoacha kuyaamini maji waliendelea kupigana bila maji, kwa kuvizia misituni, kwa muda wa mwaka na zaidi. Jambo hili la mwisho ndilo tunaloliona kubwa, wala halisimuliwi vya kutosha. Ingekuwa vita vile ni vya maji tu, vingekwisha Mahenge.

Wala tusiwacheke. Kombe linaandikwa katika miji yetu mpaka leo, na mwenye duka anafunga hirizi ya chuma ulete, na mwanasiasa wa uchaguzi anafika usiku kwa mtu anayejiita sheikh, na sisi tunawajua. Hao wana Msahafu nyumbani. Watu wa Ngarambe wengi hawakufikiwa na mlinganiaji yeyote, na Allah (S.W.) ametubainishia katika Suratul Israa, aya ya 15, kwamba hawaadhibu watu mpaka awapelekee Mtume. Hesabu yao ni kwake.

Ama wale Waislamu waliosimama kutetea mashamba yao, wake zao na watoto wao dhidi ya mwenye kuwapora, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.) kuwa mwenye kuuawa akiitetea mali yake ana daraja ya shahidi. Sisi hatuna ruhusa ya kumtaja fulani bin fulani kuwa ni shahidi kwa yakini, lakini hukumu ya jumla iko wazi, na wala hatuoni haya kuisema.

NJAA KAMA SILAHA

Mwezi Oktoba 1905 Götzen alipata nguvu mpya kutoka nje, na vikosi vyake vikaanza kuteremka kusini. Tangu hapo vita vilibadilika. Mapambano ya ana kwa ana yalipungua, kwa kuwa wapiganaji walijificha, na maofisa wa Kijerumani wakaandika katika taarifa zao kuwa silaha peke yake haitatosha na kwamba njaa ndiyo itakayowaleta watu mikononi mwao. Gavana aliikubali rai hiyo na ikawa ndiyo mwendo wa vita. Askari walipofika kijijini walichukua wanachoweza kubeba, na kilichobaki, iwe nyumba, ghala la mtama au shamba lililo karibu kuvunwa, kilitiwa moto. Mbuzi waliswagwa. Visima na mashamba vililindwa ili wenyewe wasiweze kuvirudia. Nyuma ya askari walifuata ruga-ruga wa makabila yaliyokuwa upande wa Mjerumani, na ujira wao ulikuwa nyara.

Sisi tuliosoma fiqhi tunaijua amri ya Abubakar Siddiq (R.A.) alipokuwa akilisindikiza jeshi la Sham kwa miguu, akimuusia Yazid bin Abi Sufyan. Imam Malik ameipokea katika Muwatta. Aliwakataza wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate mti wenye matunda, wasibomoe nyumba za watu, wasichinje mbuzi wala ngamia ila kwa kula, wasichome mitende. Hiyo ilikuwa mwaka wa 12 au 13 Hijria. Baada ya miaka elfu moja na mia tatu hivi, dola iliyojiita ya kistaarabu ilichoma mtama wa Matumbi makusudi ili mtoto afe na baba yake ajisalimishe. Na Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqarah, aya ya 205, imemtaja mtu wa namna hiyo hiyo, apitaye katika ardhi akiangamiza mimea na viumbe, kisha ikatuambia kuwa Allah hapendi ufisadi.

Njaa hiyo watu wa kusini waliipa jina la fugufugu. Iliendelea baada ya risasi kunyamaza mwaka 1907. Takwimu za Wajerumani wenyewe ziliwataja Waafrika 75,000 kuwa ndio waliokufa. Marehemu Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekusanya kumbukumbu za wazee katika miaka ya 1960, alikadiria watu 250,000 mpaka 300,000, walio wengi wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Kwa upande wa serikali waliokufa ni Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Kuiweka hesabu ya kwanza na ya pili katika ukurasa mmoja kunatosha kueleza vita vile vilikuwa vya namna gani. Sehemu za Ungindo zilibaki bila watu, tembo wakaingia palipokuwa vijiji, na baadhi ya ardhi hiyo ikaishia kuwa ndani ya pori la akiba la Selous. Mtalii anayepita huko leo anaoneshwa wanyama. Makaburi haoneshwi, na mengi hayapo, maana waliokufa hawakuwa na wa kuwazika.

Songea kijana wetu aliiona kwa macho yake, kwa hiyo tutafupisha. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni zaidi ya 60 kwa siku moja, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakawafukia katika shimo moja. Baadhi walibatizwa na padri saa chache kabla ya kitanzi. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, naye ana kaburi lake peke yake, lakini wazao wake wanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakaa na wazao wa mashujaa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Miaka mia na kumi na saba ilikuwa imepita.

Pamoja na yote hayo Uislamu ulienea kusini kwa kasi baada ya vita kuliko kabla yake. Wajerumani walilitambua hilo wakaingiwa na hofu, na mwaka 1908 ilipoonekana Lindi ile iliyoitwa Barua ya Makka, karatasi ya mawaidha juu ya kukaribia Kiyama, walikamata watu na kuwahoji kana kwamba wameshika baruti. Lindi hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeandika utenzi wa vita hivi kwa Kiswahili wakati waliouona moto ule wangali hai. Utenzi wake ulichapishwa mwaka 1957.

MZEE WA JUZUU YA AMMA

Sasa turudi Mwimbi kwa mzee wetu. Jeshi lililomwajiri lilianzishwa mwaka 1889 na Hermann von Wissmann, aliyeajiri Wasudani kutoka Misri, takriban wote Waislamu, wamwangamize Abushiri bin Salim, naye ni Muislamu, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Baadaye wakaongezwa Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Miongoni mwao wapo waliochukuliwa wakiwa hawana kwao, watoto wa misafara ya utumwa, wasio na ukoo wala shamba, ambao bunduki ya Mjerumani ndiyo iliyowapa chakula na heshima. Bibi alituambia kuwa babu yake alikuwa katika hao. Hilo ni sababu, si udhuru. Askari wa mwisho wa jeshi lile, zaidi ya elfu moja, waliweka silaha Mbala, wakati huo ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, mahali ambapo mtu wa Mwimbi anakwenda na kurudi kwa shughuli za kawaida. Mzee wetu hakuwepo. Alikuwa amelitupa gwanda miaka miwili nyuma, Kasanga ilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Juni 1916.

Tulimwuliza Bibi kama mzee aliwahi kusimulia. Alisema yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi mzee alipofariki, na hakusikia hadithi hata moja ya vita. Anachokumbuka ni kwamba ulezi ulipoungua jikoni mzee aliondoka akaenda kukaa nje, hata kama kunanyesha, na hakuna aliyemwuliza. Na kwamba kila mavuno alitoa debe la kwanza akampa yeyote apitaye njiani, asiyemjua, na hakutaka kuulizwa jina.

Kijana alikuwa akisikia hayo kwa mara ya kwanza. Alinyamaza kidogo kisha akasema, kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma: "Sheikh, debe moja la ulezi halirudishi ghala zilizoungua." Tukamwambia amesema kweli, na wanazuoni wamekwisha kuisema kabla yake. Toba kwa haki za Allah ina masharti yake, ama haki za waja, damu na mali, sharti lake ni kuzirudisha kwa wenyewe au kuombwa radhi wenyewe. Katika hadithi ya muflisi, aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) amemweleza mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimwaga damu ya huyu na kula mali ya yule, basi mema yake yatagawiwa kwa wadai mpaka yaishe, kisha atabebeshwa madhambi yao. Na jambo la kwanza kuhukumiwa baina ya watu siku hiyo ni damu. Juzuu ya Amma ya mzee ipo, na waliokufa fugufugu nao wapo, na wote wanamngoja mbele ya Hakimu asiyedanganywa.

Kisha tukamgeukia Bibi. Tulimwambia kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kutukana maiti, lakini kusema lililotokea si kutukana, na kwamba kumficha kilembwe wake ukweli hakumpunguzii mzee hesabu hata chembe. Tukawakumbusha wote wawili Suratul Baqarah, aya ya 134, inayotufundisha kuwa umma uliopita una chumo lake na sisi tuna letu, wala hatutaulizwa waliyoyatenda wao. Kijana hana deni la damu kwa Wangoni. Lakini Muislamu aliyekufa na dhima humwombea msamaha nani, kama si watu wa nyumba yake? Mwenye mzigo ndiye mwenye haja ya dua. Kwa hiyo jina lisomwe, na kijana kama hataki kuitikia amina, asilazimishwe.

Kijana akauliza la mwisho: na waliokufa kusini, wao nani anawasomea? Tulimjibu kwamba Waislamu miongoni mwao tuna wajibu wa kuwaombea, kwa majina tunayoyajua na yale asiyeyajua ila Allah. Ama waliokufa nje ya Uislamu, hatuwaombei maghufira, huo ndio mpaka wa sharia yetu, lakini kulilia dhuluma waliyofanyiwa hatukukatazwa. Ilipopita jeneza ya Myahudi Mtume (S.A.W.) alisimama, na alipoambiwa ni ya nani aliuliza kama huyo naye si nafsi. Kadhalika mrithi anaweza kutoa sadaka kwa niaba ya maiti aliyeshindwa kuwafikia wadai wake, akamwachia Allah kuwafikishia thawabu.

Hitma ilisomwa baada ya swala ya Alasiri. Majina yalianzia kwa mzee, kama Bibi alivyoyaandika. Mwisho wa karatasi, kwa mwandiko wa mtu mwingine, yaliongezwa majina mawili, la Abdalla Mapanda na la Omari Kinjala, na chini yake mstari uliowataja Waislamu wote waliokufa kwa njaa ya kusini. Kijana alikaa mlangoni, akaitikia amina kwa baadhi ya majina, mengine hatukumsikia. Bibi alimtuma baadaye atoe magunia mawili ya mahindi ndani, yagawiwe kwa watu wasiokuwa wa ukoo ule, na tulipoondoka tulimwacha akiyapima kwa debe barabarani, mbele ya nyumba.